Picha ya Kweli Inaweza Kuwa Propaganda: Hebu Tuelewane

Waliokosa kikao chetu cha sauti cha Jumapili usiku waliniomba niandike niliyoyasema. Haya hapa, nimeyaacha karibu vile vile yalivyotoka mdomoni. Masharti ya uzi huu mnayajua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija kwenye majibu na jina la mheshimiwa wako, nitalificha jibu lako bila kinyongo.

Leo nataka tuzungumze kuhusu neno moja ambalo tumelichosha kabisa. Propaganda.

Mnajua vile mjadala huenda. Mtu anaweka picha ya mkutano wa hadhara, uwanja umefurika mpaka watu wamepanda miti. Dakika mbili haziishi, mtu wa upande ule mwingine ashajibu, "Propaganda tupu!" Halafu anaweka yake, ya uwanja huo huo, nusu ni nyasi. Yule wa kwanza naye anarudi, "Sasa hiyo ndiyo propaganda." Wanarushiana hivyo mpaka saa sita usiku, bando linaisha, na hakuna aliyejifunza kitu. Ukiwasikiliza vizuri, wote wawili wanalitumia neno hilo kumaanisha jambo moja: picha ambayo mimi siipendi.

Mimi nasomea sayansi ya siasa, na kwetu darasani neno hili lina maana yake. Asili yake ni kanisani. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 alianzisha idara ya kueneza imani Katoliki, na neno propaganda lilikuwa katika jina lake la Kilatini. Halikuwa tusi. Lilianza kunuka hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walipotambua vile serikali zao zilikuwa zimewachochea kwa mabango na habari za kupikwa. Lakini shina la neno ni lile lile, kueneza. Propaganda ni mawasiliano yaliyopangwa ili ufikie uamuzi ambao mtu mwingine ashakuchagulia. Inaweza kutumia uongo. Inaweza pia kutumia ukweli mtupu.

Hapo kwenye ukweli mtupu ndipo wengi wetu huteleza. Tunadhani picha halisi ni habari, picha bandia ni propaganda, kwisha maneno. Hesabu hiyo haitoshi, na mfano wa kuonyesha hivyo uko hapa hapa nyumbani.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walishambulia familia za watu waliokuwa upande wa serikali huko Lari, Kiambu. Nyumba zilichomwa watu wakiwa ndani. Waliouawa walikuwa zaidi ya 70, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Serikali ya kikoloni ilihakikisha dunia imeona. Picha za maiti na nyumba zilizoungua zilichapishwa magazetini na katika vijitabu vya serikali, na ujumbe ulikuwa mmoja: hawa ni wanyama, hawana madai yoyote ya kusikilizwa.

Picha hizo hazikuwa bandia. Waliokufa walikufa kweli, na uchungu wa jamaa zao ulikuwa wa kweli.

Sasa sikiliza kisichoonyeshwa. Usiku ule ule na baada yake, askari wa serikali na Home Guard walilipiza kisasi, wakaua watu wa Lari waliowashuku. Mwanahistoria David Anderson ameyaeleza mauaji hayo ya pili kwa kina katika kitabu chake Histories of the Hanged cha mwaka 2005. Hayo hayakutengenezewa kijitabu. Wala hakuna picha iliyoeleza kwamba nyuma ya yote kulikuwa na ugomvi wa ardhi: watu walihamishwa Tigoni ili kuwapisha walowezi, baadhi wakakubali kupewa mashamba Lari, wengine wakabaki na hasira na mikono mitupu.

Kwa hivyo ukiniuliza kama picha za Lari zilikuwa za kweli, nitasema ndiyo. Ukiniuliza kama zilitumiwa kama propaganda, nitasema ndiyo tena. Ukitafuta uongo ndani ya fremu hutaupata. Tafuta kwa yale yaliyonyimwa fremu.

Basi tofauti iko wapi? Mimi naiweka hivi. Mwanahabari wa picha huanza na tukio, halafu anatafuta namna ya kulionyesha. Mtu wa propaganda huanza na hitimisho, halafu anatafuta picha ya kulivisha. Wote wawili wanachagua, hilo lazima tulikubali. Kamera ina pande nne, na kila ukiielekeza mahali umegeuzia mahali pengine mgongo. Hakuna picha isiyochagua. Swali ni mtu anachagua kwa ajili ya nini, na kama yuko tayari kukaguliwa.

Turudi kwa ule uwanja wetu. Picha mbili, siku moja, uwanja mmoja, na zote zinaweza kuwa halisi. Inawezekanaje?

Lenzi ndefu, ile ya kuvuta mbali, huwabana watu kwenye picha. Mtu aliye mbele na aliye hatua ishirini nyuma yake wanaonekana kama wameshikana mabega. Ukiinama chini karibu na jukwaa, vichwa vya mistari michache ya mbele vinajaza picha nzima, na nyuma yao huoni kama kuna watu au kuna ng'ombe wanakula. Ukipandisha droni juu kabisa, kila pengo linaonekana. Halafu kuna saa. Uwanja wa saa nne asubuhi si uwanja wa saa tisa, mgeni mkuu akiwa ameshafika.

Mwanahabari anayejua kazi yake atakupa picha ya mbali na ya karibu, na atakuambia ilipigwa saa ngapi. Timu ya kampeni itakupa ile moja inayoisaidia, na kusema kweli sishangai, ndiyo kazi waliyoandikwa. Ninachokataa ni timu ya kampeni kuvaa koti la mwanahabari. Siku hizi mheshimiwa anatembea na mpiga picha wake, picha zinatumwa kwa vyumba vya habari bure, na zingine zinachapishwa bila msomaji kuambiwa zimetoka wapi. Ukiona picha nzuri sana ya kiongozi akiwa ameinama kumsalimia nyanya fulani sokoni, mwanga umekaa sawa na hakuna mlinzi hata mmoja anayeonekana, uliza tu kwa upole: nani alikuwa ameshika kamera, na nani anamlipa?

Jambo la pili ni maneno yanayoandamana na picha. Picha haina mdomo. Ukiiondolea tarehe na mahali, inakuwa yatima, na yeyote anaweza kuichukua akaipa jina lake. Ndio maana picha ya nyumba inayoungua ni hatari kuliko picha iliyochezewa kwenye kompyuta. Haihitaji ufundi. Unachukua moto wa kaunti moja wa miaka kumi iliyopita, unaandika juu yake jina la kaunti nyingine na neno "leo", unafowadi. Kufikia jioni kuna familia inafunga virago kwa jirani waliyeishi naye vizuri miaka yote.

Sisi si nchi ya kufanyia hilo mzaha. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, kwa mujibu wa Tume ya Waki, na wakati huo wengi wetu hatukuwa na simu za kupiga picha wala intaneti mfukoni. Jumbe fupi za chuki peke yake zilifanya kazi kubwa. Ongeza picha hapo, halafu fikiria.

Tena tuseme ukweli, picha pia zilisaidia kututibu. Kuanzia 2009 kulikuwa na maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Picha za ghasia zile zilizungushwa miji mbalimbali, zikawekwa barabarani ambapo mama mboga na mtu wa bodaboda wanaweza kusimama na kutazama. Ni damu ile ile, moto ule ule. Kama mtu angetaka, angechagua wahasiriwa wa kabila moja tu, na maonyesho hayo yangekuwa kiberiti. Kilichofanya yawe tofauti ni kwamba mtazamaji alioneshwa maumivu ya pande zote, halafu akaachwa aamue nini kisirudiwe.

Jambo la tatu ni kuwajibika. Mwaka 2006, wakati wa vita vya Lebanon, iligunduliwa kwamba mpiga picha mmoja wa kujitegemea wa shirika la Reuters alikuwa ameongeza moshi juu ya jiji la Beirut kwa kompyuta. Mabomu yalikuwa ya kweli, moshi ulikuwepo, yeye alizidisha tu. Reuters ilikatiza uhusiano naye na kuondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yake. Mwaka 2014 shirika la AP nalo liliachana na mpiga picha ambaye alikuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Pulitzer. Kosa lake? Kwenye picha ya mpiganaji wa Syria, alifuta kamera ya mwenzake iliyokuwa kwenye kona. Kamera hiyo haikubadilisha habari hata kidogo. Lakini walisema ukishaanza kufuta, mteja atajuaje umefuta nini kingine?

Hata kwetu hapa, kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziliwataka wanahabari waepuke kuchezea picha kwa namna inayopotosha uhalisi. Sisemi zinafuatwa kila siku. Ninasema kuna mlango wa kubisha ukikosewa. Sasa niambie, ni lini umeona akaunti ya propaganda ikiandika, "Jana tuliwapa picha isiyo sahihi, tunaomba radhi"? Wanafuta kimya kimya, ama wanaiacha hapo iendelee kuzaa.

Najua kuna mtu ashaandaa swali: kwani picha ikiwa na msimamo ni propaganda? Mpiga picha akitaka dhuluma ikome, amepoteza uanahabari? Hilo ndilo swali gumu la leo, na jibu lake nalitoa Kongo.

Mwaka 1904, wakati Kongo ilikuwa mali ya binafsi ya mfalme wa Ubelgiji na watu wakilazimishwa kuvuna mpira, mmishenari Mwingereza aitwaye Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja jina lake Nsala. Ameketi kwenye baraza, anatazama mkono na mguu mdogo vilivyowekwa mbele yake. Ni vya bintiye, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine zilizungushwa Uingereza na Marekani, zikaonyeshwa kwa taa za kumulika kwenye makanisa na kumbi. Lengo lilikuwa wazi kabisa: kumng'oa mfalme Kongo. Na upande wake mfalme alilipa wanahabari kwa siri waandike vile utawala wake ulikuwa umeleta ustaarabu.

Pande zote mbili zilikuwa na msimamo. Zote zilitaka kukushawishi. Lakini angalia tofauti. Picha ya Nsala ilikuwa na jina la mtu, kijiji, na kampuni iliyohusika. Ungeweza kwenda kuuliza. Na watu walienda. Balozi mdogo wa Uingereza alikuwa ameandika ripoti yake, na hata tume ambayo mfalme mwenyewe aliiteua ilisikiza mashahidi na kukubali kwamba dhuluma zilikuwepo. Mwaka 1908 Kongo ikatolewa mikononi mwake. Upande wa pili ulitegemea usijue nani analipa.

Kwa hivyo mimi simhukumu mpiga picha kwa kuwa na moyo. Kuwa na msimamo si kosa. Namhukumu kwa swali hili: amekuachia njia ya kumkagua, au ameifunga?

Nisije nikawafanya wanahabari malaika pia. Mwaka 1984 serikali ya Ethiopia ilikuwa inasherehekea miaka kumi ya mapinduzi Addis Ababa huku watu wakifa njaa kaskazini. Mkenya mwenzetu, Mohamed Amin, akiwa na Michael Buerk wa BBC, alipiga filamu huko Korem. BBC iliionyesha tarehe 23 Oktoba, na dunia ikasimama. Bila kamera ile wengi zaidi wangekufa kimya. Huo ni uanahabari wa picha katika ubora wake, kuonyesha kile mwenye mamlaka anataka kisionekane.

Hata hivyo, watazamaji wengi waliondoka wakidhani ni ukame tu, mvua imekosa, basi. Vita kati ya serikali na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, ambavyo vilikuwa sababu kubwa ya njaa ile, havikuonekana kwenye sura za watoto waliokonda. Kwa hivyo hata habari ya kweli inaweza kukupa nusu. Tofauti ni kwamba habari haikasiriki ukienda kutafuta nusu iliyobaki. Propaganda hukuita msaliti.

Sasa nifike kwa kinachoniuma. Hasara kubwa ya kuita kila kitu propaganda haimfikii mwanasiasa. Inamfikia mtu mdogo ambaye picha ndiyo shahidi wake wa pekee.

Kumbukeni Juni 2024. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na risasi zikapigwa. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano ya wiki hizo. Siku zile zile mtandaoni, picha halisi zilikuwa zinatembea pamoja na picha za zamani na za nchi nyingine. Kila picha ya zamani iliyofichuliwa ilimpa mtu nafasi ya kusema, "Mnaona? Zote ni za kupikwa." Hebu jiweke kwenye viatu vya mzazi ambaye mwanawe yuko kwenye picha ya kweli. Wewe ulidhani unasaidia harakati kwa kushea picha kali zaidi kutoka mahali pengine. Ulichofanya ni kumwibia mzazi huyo ushahidi.

Na ushahidi huwa na kazi. Aprili 2025, BBC Africa Eye ilitoa filamu iliyochambua zaidi ya picha 5,000 za siku ile ili kutambua waliofyatua risasi nje ya Bunge. Iliwezekana kwa sababu kuna watu waliohifadhi picha zao zikiwa na saa na mahali, na zikaweza kulinganishwa moja na nyingine. Kubishana na filamu hiyo ni haki yako. Lakini utabishana na kitu kinachokaguliwa, na huo ndio mjadala tunaoutaka nchi hii.

Akili unde inafanya hili kuwa zito zaidi. Tatizo si tu kwamba inaweza kutengeneza umati ambao haukuwepo. Tatizo ni kwamba mwenye hatia sasa ana jibu tayari kwa picha yoyote: "Hiyo imetengenezwa na kompyuta." Tukizoea kukubali jibu hilo bila kuuliza maswali, tumempa kila mwenye bunduki msamaha wa mapema.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kujieleza, na inasema wazi uhuru huo hauendi mpaka kwa propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Neno propaganda limo humo. Lakini halikuwekwa ili kila picha inayomwaibisha mkubwa iitwe hivyo.

Basi ufanye nini kabla ya kubonyeza kitufe?

Uliza nani aliipiga. Kama hakuna jina la mtu wala chombo, tahadhari.

Uliza lini na wapi, halafu usiridhike na maandishi yaliyo juu yake. Itafute kwa Google kupitia picha yenyewe uone kama ilishawahi kutokea mahali pengine. Soma mabango ya maduka, namba za magari, sare za polisi, hata hali ya hewa. Africa Check na PesaCheck wanafanya kazi hii kila siku, unaweza kuwatazama ujifunze mbinu.

Uliza ni nini kiko nje ya fremu. Kuna picha nyingine ya tukio hilo kutoka upande mwingine?

Na kama wewe ndiye uliyekuwa hapo na simu, hifadhi faili ya kwanza bila kuikata wala kuipaka rangi. Picha ikipita WhatsApp hupoteza habari za ndani za saa na mahali, kwa hivyo usiifute ile ya asili kwa sababu nafasi imejaa. Andika mahali ulipokuwa umesimama. Na kama kuna uso wa mtu anayeweza kuumizwa, usiuposti. Mpe wakili au mwanahabari unayemwamini.

Maswali hayo yaanzie upande wako. Kukagua picha ya mpinzani ni rahisi, sote ni wapelelezi hapo. Nyani haoni kundule. Jiulize mara ya mwisho kushea picha ya kweli inayouumiza mrengo wako ilikuwa lini. Kama haikumbukiki, basi hata kama kila picha uliyowahi kuweka ni halisi, ukurasa wako ni kile kijitabu cha Lari.

Hapo nakoma. Maswali yaje hapo chini, nitajibu yote kufikia kesho jioni. Uzi ujao ni kuhusu kura za maoni: nani anaulizwa, nani analipia, na kwa nini wewe hujawahi kupigiwa simu.